Mwalimu Sifuri na Mapacha Waliokwamisha Mstari

Saa tatu kasorobo asubuhi, kwenye uwanja mdogo ulio kati ya matangi ya maji na ukuta wa maabara, wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha pili wamesimama kwenye mstari wa chaki. Wenzao wamejazana kwenye ngazi, wanatazama. Mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni anapiga kofi moja. Wawili wa mwanzo wanapimana kwa macho, kisha wanabadilishana nafasi. Anapiga jingine. Wawili wanaofuata wanapimana.

Leo wanafunzi hao ndio kompyuta. Kanuni wameitunga wenyewe jana na kuiandika ubaoni: mtazame wa kulia kwako, kama hakuzidi urefu, badilishaneni nafasi. Makofi yakifika mwisho wa mstari yanaanza upya. Duru nzima ikipita bila mtu kuhama, wote watachuchumaa, maana yake kazi imekwisha na mstari umepangika kuanzia mfupi hadi mrefu.

Mstari umepangika kitambo. Hata aliye kwenye ngazi anaona. Lakini hakuna aliyechuchumaa, kwa sababu katikati wamesimama mapacha wawili wanaolingana kama vijiko vya seti moja. Kila kofi likiwafikia, wa kushoto anamtazama wa kulia, anaona hamzidi, wanabadilishana. Duru inayofuata, yale yale.

"Mwalimu, tumechoka!" analalamika kijana mrefu aliye mwisho wa mstari, ambaye hajasogea tangu duru ya pili.

"Kompyuta haichoki. Simama vizuri."

"Hakuna marefu yasiyo na ncha!" anapiga kelele mmoja kwenye ngazi, na wenzake wanaangua kicheko.

"Haya hayana," anajibu mwalimu, na kofi linalia tena.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Sifuri. Jina walimpa kwa sababu huanza kuhesabu kila kitu kutoka sifuri, mpaka madawati. Zamani lilikuwa la kumteta, siku hizi hata mkuu wa shule hulitumia kwenye vikao. Mwenyewe halimuudhi. "Sifuri ni kitu kikubwa," anasema. "Watu walikaa karne nyingi bila kuwa nayo, wakapata taabu tupu."

Nyumbani, bintiye kitinda mimba anasema ukimwomba mama akupitishie chumvi mezani, huulizwa kiasi gani, kwenye sahani ipi, na aache lini. "Tumezoea," anasema. "Wageni ndio hushika adabu ya ghafla."

Asubuhi hii, hata hivyo, Mwalimu Sifuri hana raha kama anavyojionyesha. Pembeni ya ngazi amesimama mwenyekiti wa kamati ya wazazi, fundi seremala mwenye mabega mapana na vumbi la mbao kwenye nyusi, mikono ameikunja kifuani. Amekuja kuangalia kile ambacho wazazi wamekuwa wakikilalamikia tangu muhula uanze: kwamba watoto wamepelekwa kusoma kompyuta na badala yake wanachezeshwa uwanjani kama chekechea.

Lawama hizo zina ukweli ndani yake. Mwalimu huyu hamruhusu mwanafunzi kugusa mashine kwa wiki nne za mwanzo. Mashine zenyewe ni kumi na nane, zinazowaka ni kumi na moja, na mojawapo huwaka pale tu inapotaka. Mwaka jana waliochagua somo lake walikuwa wanafunzi tisa. Mkuu wa shule amemwambia bila kuzunguka kwamba wasipofika ishirini safari hii, somo litafutwa na chumba kitakuwa stoo ya vitabu.

"Sikumficha," anasema mkuu wa shule. "Nampenda sana, lakini siwezi kuweka mwalimu mzima kwa wanafunzi tisa."

Katika shule hii, kuchagua somo ni kubeba kiti. Siku ya kuchagua, baada ya kuonja masomo yote, kila mwanafunzi wa kidato cha pili hunyanyua kiti chake na kukipeleka kwenye chumba cha somo analolitaka. Hakuna kura wala maelezo. Viti vikihesabiwa, habari imekwisha. Siku hiyo ni kesho.

Inabidi kurudi nyuma kidogo ili kuelewa kwa nini mwanamke aliyebakiza miaka miwili astaafu anajitia katika heka heka hizi.

Alipokuwa na miaka ishirini, aliajiriwa na idara ya maji kutoboa kadi. Ulikuwa ukumbi mrefu wenye wanawake ishirini na wawili, kila mmoja na mashine yake yenye vitufe. Namba za mita zililetwa kwa makaratasi, nao waliziandika kwa matundu kwenye kadi ngumu. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba walijifunza kusemezana kwa nyusi. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango wa chuma. Wanaume waliovaa makoti meupe walitoka, wakabeba trei za kadi, wakaingia, wakafunga.

"Miaka minne nilitoboa kadi bila kujua zinakwenda kufanya nini," anasema. "Siku moja nilimuuliza msimamizi. Akaniambia, dada, wewe toboa. Nikarudi kutoboa."

Kisha zikaja mashine ndogo za kuwekwa mezani. Wanawake wote ishirini na wawili waliitwa, wakashukuriwa, wakaonyeshwa njia ya getini. Hakuna aliyewahi kuingia kwenye mlango ule.

Wenzake wengi waliuza walichoweza kuuza, wakalea watoto, wakasahau. Yeye ilimkaa kooni. Alisoma jioni, akaenda chuo cha ualimu akiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, akafundisha hesabu miaka mingi kabla ya shule kupewa mashine zilizotumika na kutafuta wa kuzisimamia. Walimu wenzake walizikimbia. Yeye aliomba ufunguo siku hiyo hiyo.

Ndiyo sababu kipindi chake cha kwanza hakianzi na mashine. Huandika ubaoni: Kompyuta ni nani? Wanafunzi hudhani amekosea, wakitarajia "ni nini". Hapo huwasimulia kwamba kabla ya kuwa chombo, kompyuta ilikuwa kazi ya mtu. Watu, na wengi wao wanawake, waliketi kwenye vyumba vikubwa wakigawana hesabu ndefu vipande vipande, huyu akijumlisha na kumpa yule azidishe. Huwasimulia pia juu ya mitambo ya kufuma vitambaa iliyofuata matundu ya kadi ili kujua uzi gani unyanyuke, miaka mingi kabla umeme haujafika majumbani mwa watu.

"Mtoto akijua kwamba ndani ya lile sanduku hakuna jini, kuna mawazo ya watu kama yeye, haliogopi tena," anasema. "Na asiyeliogopa hawezi kuambiwa, wewe toboa tu."

Uwanjani, mapacha wameanza kutoka jasho. Fundi seremala amekunjua mikono.

"Mwalimu," anaita, "hao wawili si uwaambie tu waache?"

"Baba, nani amwambie? Kwenye kompyuta hakuna mtu wa kusimama pembeni mwenye huruma."

"Basi watajua wenyewe. Wana akili."

"Wanayo. Ila leo nimewakataza kuitumia. Leo wanafuata kilichoandikwa."

Hapo ndipo msichana mmoja ananyanyuka kutoka ngazi ya mwisho kabisa, mmoja wa wale ambao mwalimu humaliza muhula hajawasikia sauti. Anatazama chini anapozungumza.

"Kosa si la mapacha," anasema. "Kosa ni letu tuliotunga. Tulisema kama hakuzidi. Anayelingana nawe naye hakuzidi. Tungesema wabadilishane kama wa kulia ni mfupi tu. Wakilingana, kila mtu abaki alipo."

Mwalimu Sifuri anampa chaki. Msichana anakwenda kwenye ubao uliotolewa nje, anafuta, anaandika upya. Makofi yanaanza. Safari hii mapacha wanapimana, wanatazamana, wanabaki. Duru inafika mwisho, na wanafunzi kumi na wanne wanachuchumaa kwa pamoja huku ngazi nzima ikishangilia kama timu yao imefunga bao.

Fundi seremala hashangilii. Amemkodolea macho yule msichana, kwa kuwa ni binti yake wa kumzaa.

"Nyumbani haongei," anasema baadaye, akijipangusa uso kwa kitambaa. "Mama yake husema huyu tumekopeshwa." Kisha anacheka peke yake. "Unajua, mwaka jana kuna fundi wangu nilimfukuza. Nilimwambia, milango yote ifanane na huu. Akaifananisha mpaka na ufa uliokuwa kwenye mlango ule wa mfano. Milango sita! Nikamwita mjinga. Kumbe alifanya nilivyosema, mimi ndiye sikusema nilivyotaka."

Je, mapacha walipangwa pale kwa bahati? Mwalimu anavua miwani, anaifuta polepole. "Kila mwaka watoto wanatunga kanuni ile ile yenye kosa lile lile, na kila mwaka inapita, kwa sababu hakuna wawili wanaolingana sawasawa," anasema. "Nimesubiri mapacha miaka sita."

Kesho yake, saa nne, kengele inalia na shule inageuka soko. Viti vinapita juu ya vichwa, vinagongana milangoni. Mwalimu Sifuri amekaa kwenye chumba chake, mgongo umenyooka, mikono mezani. Mkuu wa shule amesimama nje akihesabu kwa midomo.

Wa kwanza kuingia ni mapacha. Wanafuata watatu, kisha wanne, kisha kundi lililoziba mlango mpaka ikabidi liingie kiubavu. Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na tatu. Mwalimu anainama chini ya meza kama anayetafuta kitu kilichoanguka, anakaa huko kitambo. Akiinuka, macho ni mekundu na hakuna anayethubutu kumtania.

Binti wa fundi seremala hayumo. Kiti chake kimeonekana kikiingia chumba cha bayolojia, kwa kuwa nyumbani walishakubaliana atakuwa muuguzi. Mwalimu anaambiwa, anatikisa kichwa kukubali. "Wauguzi wanahitajika," anasema, na sauti yake si ya mtu anayejifanya.

Korido imeshatulia kiti kinapoburutwa tena. Msichana anasimama mlangoni, anahema.

"Shikamoo mwalimu. Nilikaa kule. Nikawa nawafikiria mapacha tu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

Ishirini na nne. Mkuu wa shule anafunga hesabu na kwenda zake akitabasamu.

Mwalimu Sifuri tayari ana mpango wa muhula ujao. Kati ya wanawake ishirini na wawili wa ukumbi wa kadi, waliobaki hai ni watano, yeye akiwemo. Mmoja haoni vizuri, mwingine hutembelea mkongojo. Amewaahidi kuwaleta shuleni.

"Mpaka leo wanasema walikuwa wachapaji tu," anasema. "Nataka wakae humu, waelezwe kadi zile zilikwenda wapi na zilifanya nini."

Anaulizwa kama ameshaandaa atakachowaambia.

"Si mimi nitakayesema. Watasema watoto," anajibu. "Mimi nitakaa upande wa wale mama, nisikilize."