Swichi ya Mlinzi

Mashine ya hewa iliyo juu ya paa la benki yetu hapa Kitui ina swichi yenye alama tatu: feni, baridi na joto. Swichi ni ya mlinzi. Joto hajawahi kuliwasha, hata Julai, na feni anaiita kelele ya bure. Kila asubuhi anaizungusha swichi kwa vidole viwili hadi kwenye baridi, kisha anatoka nje na kutega sikio. Katika ukame huu wa mwaka wa themanini na nne, sisi makarani tunavaa sweta. Jana meneja alipiga chafya.

"Weka feni, mzee. Tunaganda."

"Sawa, mkubwa." Akachungulia nje, pale bomba la mashine, ikiwa kwenye baridi tu, linapodondosha maji, na mama mmoja amechuchumaa chini yake. "Mtungi wa Mama Kalunde ukijaa."