Kiti Changu Mlangoni pa Chumba cha Mwanangu

Shule niliacha kabla sijajua kugawanya. Nilianza na ngozi za mbuzi kule Matiliku, nikizibeba mgongoni mpaka nikapata punda, na biashara ikanileta Tseikuru nikanunua mbuzi wenyewe badala ya ngozi zao. Nyumba anayoishi mwanangu niliijenga mimi, mawe na mabati. Nasema haya mapema ili mtu asinione mzee wa kusukumwa nikieleza kwamba katika nyumba hiyo kuna chumba ambacho sijaona ndani yake tangu mwanangu aoe, na chumba hicho nusura kinipe wazimu.

Mwanangu ni homugadi, askari wa akiba. Huku wezi wa mifugo wakija hawangoji polisi watoke mbali, kwa hivyo serikali ilimpa bunduki akae nayo. Sina neno na hilo. Neno langu lilikuwa mahali anapoiweka.

"Iko chumbani, mzee. Nimeificha vizuri."

Umeificha! Mtoto gani wa nyumba hii hajui sukari imefichwa wapi?

Basi shule zikafungwa, na mjukuu wangu mkubwa, msichana wa kidato cha pili, akarudi nyumbani kama mgeni. Huyu mtoto zamani tulikuwa tukigombana juu ya taarifa ya habari mpaka redio yenyewe hatuisikii. Sasa anakaa nyuma ya jikoni akitazama ukuta. Chakula anakizungusha kwenye sahani. Mama yake akasema ni maombi yamepungua. Baba yake akasema ni simu.

"Ni umri tu huo, mzee. Utapita."

"Umri gani unamfanya mtu akatae chapati?"

Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Mbuzi wake akijitenga na wenzake, anamtafuta mtu wa dawa siku hiyo hiyo. Mtoto akijitenga, ni umri!

Halafu nikaona kuku wa msichana huyu kwa binamu yake, nyumba ya jirani. Kuku mwekundu, aliyemlea tangu kifaranga, amempa binamu yake. Na viatu vya kanisani pia. Nikamuuliza mbona.

"Sitavihitaji, babu."

Alisema vile mtu anavyosema hataki sukari kwenye chai. Asubuhi yake nikampeleka zahanati mimi mwenyewe, kwa sababu wazazi wake walisema nisiwaaibishe.

Muuguzi wa pale, nasi, alikaa naye peke yao kwanza. Baadaye, mtoto alipokubali, akaniita ndani. Hakunizungusha. Akaniuliza kama kuna bunduki nyumbani. Nikamwambia iko. Akasema itoke, hata kama ni kwa muda, mpaka mtoto apate nafuu. Ikiwa haiwezi kutoka, ifungiwe kwa kufuli, risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo usikae pale mtoto anapoweza kuufikia. Akamwandikia barua ya kuonana na mtu wa mambo ya akili huko Mwingi. Na akaniambia nimuulize mtoto waziwazi kama anafikiria kufa, kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo.

Nikamuuliza njiani, tukiwa tumeketi kwenye kivuli cha duka. Nilitumia neno lenyewe, kufa.

"Wakati mwingine," akajibu. "Sitaki kufa sana, babu. Nataka tu nisiwe hapa."

Nilimshika mkono.

Nikamwendea fundi wa vyuma, akanitengenezea sanduku la bati nene lenye kufuli. Nikalileta hadi mlangoni mwa mwanangu. Akalizunguka kama mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa.

"Kwa hivyo wezi wakija niwaambie ngojeni kidogo natafuta ufunguo?"

"Uwaambie hivyo hivyo."

"Mzee, hii ni kazi ya serikali. Wewe jua mbuzi."

"Basi irudishe kwa serikali mpaka mtoto apone."

"Mtoto si mgonjwa!" Akawasha pikipiki akaenda zake.

Sasa sikilizeni ninapokwama. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe. Hata kuchungulia ni aibu ya kusimuliwa miaka. Marehemu mke wangu angeingia pale bila kubisha akatoka na bunduki imefungwa kwa leso. Mimi, niliyenunua kila bati la paa lile, nilisimama mbele ya pazia miguu ikakataa. Nilitukana. Nilimtukana mwanangu, nikaitukana na nthoni yenyewe.

Halafu nikaona kitu. Siwezi kuingia, lakini hakuna mila inayosema siwezi kuketi. Nikaleta kiti changu cha kamba nikakiweka mlangoni kabisa, mgongo kwa pazia.

Mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu, akapita kuomba jembe, akaniona.

"We mzee! Umeajiriwa kulinda kitanda cha mwanao?"

"Ndiyo. Na wewe pitia huko nje, jembe liko kwa boma."

Mjukuu wangu akaniletea chai. Akasimama akinitazama.

"Babu, unalinda bunduki?"

"Bunduki inanihusu nini? Nakulinda wewe."

Hakuondoka. Akaketi sakafuni, akaegemea ukuta, akaniuliza nikitaka kwenda choo itakuwaje. Nikamwambia hilo ni tatizo letu sisi wawili. Karibu acheke.

Alasiri mama yake akarudi kutoka sokoni, amejaa vumbi, anataka kubadilisha nguo. Akafika ukumbini akakwama. Hawezi kunipita, nthoni inamkataza yeye pia, na mimi siinuki. Akazunguka nje, akarudi, akazunguka tena. Mume wake alipofika hakumpa hata salamu.

"Baba yako ameketi mlangoni pa chumba changu tangu saa nne! Majirani wote wanajua! Toa hiyo kitu yako, baba aondoke!"

"Lakini ni kazi ya..."

"Toa!"

Mwanangu akanitazama kwa jicho ambalo sikumfundisha. Nikasogeza kiti kidogo, uso nje. Akaingia, akatoka na bunduki na risasi zake, akaenda kuzikabidhi kituoni. Alirudi mikono mitupu. Hata leo ananisalimia kama mtu wa kupita.

Na bado nina hasira. Ilibidi mtu aaibike ndipo asikie. Maneno ya nasi hayakutosha, wala macho ya mtoto wake mwenyewe.

Mwingi tunaenda, mimi na mjukuu wangu. Siku nyingine anarudi na hamu ya kula, nyingine harudi na kitu. Wiki jana alienda kwa binamu yake, akaongea huko kidogo, akarudi na kuku mwekundu kwapani. Viatu hakuvichukua.

Kuku akaliona lile sanduku limeachwa wazi ukumbini, akaanza kutagia humo.

"Sanduku la bunduki limekuwa kiota," mwanangu akasema.

"Siku bunduki itakaporudi," nikamwambia, "kuku atahama. Kabla ya hapo, mwache atage."