Sauti ya Saidi Katikati ya Wimbo

Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi, kuku tulimjua kwa kitambaa. Bibi yangu aliwafunga wake kitambaa chekundu mguuni, asije jirani akasema huyu wangu. Siku moja mi na rafiki yangu Saidi tukawafunga vitambaa vyekundu kuku wa mtaa mzima. Bibi akalala na kuku sita, akaamka na kuku wa kila mtu, na matusi ya kila mtu. Fimbo za siku hiyo, acha tu.

Nilitaka kusema nini? Eh, miziki. Kwa kina Saidi ndiko kulikuwa na redio kaseti. Wimbo ukianza kwenye redio nyingine tunabonyeza rekodi, nyumba nzima kimya, hata mtoto mchanga anatolewa nje. Mara moja shangazi yake akapiga chafya katikati. Tuliupenda wimbo ule na chafya yake, mpaka siku tuliyousikia kwingine bila chafya tukaona wameuharibu.

Tukazeeka, internet ikaja, Saidi akafungua kibanda. Anavuta nyimbo mitandaoni, anakutilia kwenye flashi. Kaseti zetu ziliharibika na unyevu, lakini alikuwa ameziwahi, akaziingiza kwenye kompyuta pamoja na chafya ya marehemu shangazi. Mi mwenyewe alinijazia simu, sifichi. Tatizo, wenzake wakaanza kumuibia alivyoiba! Saidi akakasirika kweli. Kila wimbo akapachika sauti yake katikati: "Hii ni ya Saidi, Buyenzi, nyuma ya soko. Usikopi!"

Mwimbaji mmoja wa hapa mjini akapanda teksi, akakuta wanapiga wimbo wake mpya. Akangoja kiitikio kwa raha. Akamsikia Saidi.

Akaenda kushtaki. Saidi akaitwa ofisini kwa chef, mkuu wa polisi wa mtaa, mi nikamsindikiza. Kompyuta yake walishaichukua, iko mezani, na mwimbaji amekaa pembeni.

"Muzee, ni wewe unauzisha miziki ya watu?" chef akauliza.

"Apana, chef. Mi hata kuimba sijui."

Chef akabonyeza. *Hii ni ya Saidi, Buyenzi...*

"Masaidi ni wengi, chef."

Mwimbaji akacheka mpaka akafuta machozi. "Mi nakusamehe tribunali, sikupeleki kwa jaji, muzee. Lakini uliongea kwenye sehemu nzuri! Futa zote, hapa hapa, kwa kidole chako."

"Na za kaseti? Shangazi yangu iko mule."

"Zote," akasema chef. "Hata hizo ziko na wenyewe."

Vijana wa leo wataniuliza, si atazikuta mtandaoni? Wao wimbo wanautupa leo, kesho wanauokota. Sisi wimbo tuliuzuilia pumzi. Na ule wa chafya haupo mtandao wowote.

Saidi akaweka kidole kwenye kibonyezo. Akakiondoa.

"Naenda kuswali kwanza. Nakuja sasa hivi."

Chef ni mtu wa heshima, akamruhusu. Saidi akashuka ngazi taratibu, mikono mgongoni, akavuka barabara bila kugeuka. Mi nikatazama saa ya ukutani: saa tatu asubuhi, hakuna adhana iliyoita mtu. Mpaka leo hatujamuona.