Walioapa Wasiitike

Roxane alikuwa na majina mawili, na mwaka ule wa 1992 hakujua lipi litamponza kwanza. Kalombo, jina la baba yake, lilitosha kumfukuza mtu mjini Likasi. Lilisema babu zako walitoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, basi rudi huko. Roxane, jina la ubatizo, lilikuwa karibu kumfukuza kanisani.

Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mwenye miaka ishirini na minne. Alisoma kila kilichochapishwa, hata gazeti lililofungiwa karanga, lakini akiulizwa neno mbele ya watu shingo ilimpanda joto. Nyumba yao ya mtaa wa Kikula ilipong'olewa mabati mchana kweupe, yeye na mama yake, Mathilde, walibeba masufuria na magodoro wakaenda kujihifadhi katika ukumbi wa Kanisa la Moto Safi. Familia thelathini zilikuwa mle, mkeka kwa mkeka, zikingoja treni ya kwenda Kasai. Waliokosa nafasi walilala uwanjani kwenye gare, kituo cha treni, chini ya maturubai. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila asubuhi kuna aliyezikwa. Mathilde alikuwa na pumu. Roxane alihesabu pumzi zake kama mtu anayehesabu hatua za mgeni mlangoni.

Balaa lilikuja na kasete. Tantine Emérance, mkubwa wa akina mama wa maombi, aliletewa kasete kutoka Kinshasa iliyofundisha kwamba kila jina lisilo la Biblia ni mlango wa pepo. Jumatatu aliketi mezani na daftari, na watu wakapita mmoja mmoja.

"Léon," alisema. "Ile ni simba. Petro anasema simba anazungukazunguka, anatafuta muntu wa kumeza."

"Tantine, minye sijameza muntu," alijibu Léon, fundi wa baiskeli. "Hata mukate sijameza tangu yana."

Watu walicheka. Tantine hakucheka, aliandika Lévi. Mama mmoja aitwaye Reine aliambiwa ni malkia wa mbinguni ambaye Yeremia alimkemea, akatoka hapo akiitwa Rebeka. Mathilde aliambiwa jina lake ni la vita, na vita hivyo ndivyo vinavyopigana kifuani mwake. Alilia kwa shukrani. Miezi yote ile hakuna mganga aliyempa sababu iliyo wazi namna hiyo. Akawa Marta.

"Na weye, mwalimu? Jina yako inatoka wapi?"

Kusema kweli kulikuwa kasoro ya Roxane. "Uajemi, Tantine. Baba aliitafuta mu kamusi. Maana yake ni mwangaza, kama kunapambazuka."

Kalamu ilisimama. "Uajemi ni fasi ya bale banaabudu moto."

Roxane aliinua macho. Juu ya kichwa cha Tantine lilining'inia bango jekundu: KANISA LA MOTO SAFI. Aliyashusha tena.

"Tunakupa Esther. Ile ni ya Biblia, haina hata doa."

Roxane alikuwa amesoma kwamba wataalamu wengi wanalihesabu Esther kuwa la Kiajemi pia, lenye maana ya nyota. Biblia yenyewe inasema kwao binti huyo aliitwa Hadasa. Alisema, "Asante, Tantine."

Hayo yote angeyavumilia. Serikali nayo, alipokuwa mtoto, ilipiga marufuku majina ya Kikristo, baba yake akalifuta Roxane kwenye kila karatasi. Miaka miwili iliyopita yaliporuhusiwa tena, watu waliyaandikisha upya kwa shangwe. Kilichomkosesha usingizi ni kiapo. Kila mmoja aliweka mkono juu ya Biblia akaapa kwamba hataitikia jina la zamani, maana atakayeitikia watamrudia pepo saba. Na kule gare majina yalikwisha kuandikwa, yale ya zamani. Karani huita mara tatu. Usipoitika anakukata, na nafasi yako anapewa mwingine.

Alikwenda kwa Pasta Gaspard, mtu mpole, mnene, aliyemwogopa Tantine Emérance kuliko alivyomwogopa shetani.

"Pasta, ku gare bataita majina ya zamani. Bantu batabaki."

"Mungu atabadirisha ile liste, binti yangu."

"Lakini Pasta, Koreshi alikuwa Muajemi. Isaya anasema Mungu alimuita masihi wake. Na njo yeye alirudisha bantu kwabo."

Pasta alichungulia mlangoni kuona kama Tantine yupo. "Koreshi," alisema, "hakukuwa memba wetu."

Swali la pili lilimfika Roxane kwenye ncha ya ulimi. Gaspard nalo, kwa mujibu wa kamusi, ni la Kiajemi, mtunza hazina. Mapokeo yanampa jina hilo mmoja wa mamajusi. Swali hilo alilimeza. Ukumbi ulikuwa wa Pasta, na mama yake alikuwa amelala ndani.

Alhamisi treni ilifika. Karani alipanda juu ya sanduku, mwavuli mkono mmoja, orodha mkono wa pili. Pasta na Tantine walisimama kando, wakiwaombea waumini wao na kuwatazama midomo.

"Mutombo Léon."

Fundi wa baiskeli aliangalia viatu vyake. Mke wake alimfinya mkono.

"Mutombo Léon. Mutombo Léon."

Kalamu ikapita. Mke wa Léon aliketi juu ya fuko lake katikati ya matope, akafunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyemcheka. Tantine alisema, "Amen," lakini kwa sauti ndogo.

"Ngalula Mathilde."

Mama yake alikohoa, akaziba mdomo.

"Mama, itika," Roxane alinong'ona.

Mathilde alitikisa kichwa.

"Ngalula Mathilde."

Roxane aliushika mkono wa mama yake na kuuinua juu, juu ya vichwa vya watu wote. Watu waligeuka. Shingo yake iliwaka, ila hakuushusha.

"Muko njo Ngalula Mathilde?" karani aliuliza. "Mama, muko na mudomo?"

Mvua ilipiga mwavuli. Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi.

"Minye niko Marta," Mathilde alisema hatimaye. Akatoa cheti chake cha utambulisho kifuani, kimelowa jasho, akamnyooshea. "Lakini hii karatasi ni yangu."

Karani alikisoma cheti, akakuna kidevu, akaweka alama. "Pita, Mama Karatasi. Kalombo Roxane."

Tantine alipiga hatua moja mbele. Pasta alianza kusali kwa sauti. Mathilde alimtazama binti yake kwa macho ya mtu anayeona nyoka karibu na mtoto.

"Présente," Roxane aliitika, kama wanafunzi wake darasani.

Mama yake aliuchomoa mkono wake, akaufuta kwenye kitenge, akapanda ngazi za behewa peke yake, akihema. Roxane aliokota mizigo yote miwili akamfuata, akisikiliza pumzi zile, asijue kama ndani waumini watamwachia pa kukaa kando ya mama yake.