Dakika Moja ya Mikro

Siku mwalimu wetu wa masomo ya jioni alipotangaza kwamba chuo kikuu kinafungua milango Jumamosi, konferansi juu ya ziwa na mafuriko, kuingia bure, raia yeyote anaruhusiwa kuuliza, nilipanda kilima cha Gihosha kwa miguu bila kukihisi. Nadhani niliruka.

Nilikuwa na sababu. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, anakaa Gatumba. Maji yalikuwa yamemfukuza nyumbani mara mbili, na sasa alikuwa amepanga matofali mapya juu ya kiwanja kilekile, akingoja kitu kimoja: mtu wa kumwambia ajenge au ahame. Majirani walisema jenga. Mchungaji alisema omba. Akanigeukia mimi.

"We ndiye umesoma," alisema. "Enda uwaulize. Mi nitakaa nyuma, nisikie na masikio yangu."

Nilichosoma ni cheti cha jioni, lakini nilikivaa kama taji. Wiki nzima nililifanyia swali hilo mazoezi mbele ya kioo, mara elfu hivi, mpaka kioo kingeweza kwenda chuoni peke yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa hata kuta zikasogea nyuma kidogo. Profesa alizungumza Kifaransa, akichovya Kirundi na Kiswahili kila alipoona kichwa kinainama. Alionyesha ramani kubwa ukutani, ziwa huku, mto Rusizi huku, Gatumba katikati kama mtu aliyebanwa na wakwe. Nilielewa karibu yote. Nisichoelewa nilikiandika kwa mwandiko mzuri zaidi.

Mama aliyeongoza kikao akasimama. "Maswali matano. Kila mutu dakika moja."

Nilinyoosha mikono yote miwili. Mikro, yaani kipaza sauti, ikaja kwangu ya kwanza kabisa, na moyo wangu ulidunda hivi kwamba nina hakika ulisikika ng'ambo, Kongo.

Sasa, shuleni kwetu tulifundishwa kwamba msomi haanzi kusema kabla ya kuheshimu watu. Nikamsalimia profesa. Nikawasalimia wakuu wa chuo, wajumbe wa serikali, watumishi wa Mungu wa madhehebu yote, wazazi, wanafunzi wa mchana, wanafunzi wenzangu wa jioni, na ndugu waliosimama madirishani kwa kukosa viti. Nilikuwa ninawageukia mafundi wa umeme nilipoona mikro inatoka mkononi mwangu.

"Asante sana kwa mchango wako," alisema yule mama. "Dakika imeisha."

Nikapigiwa makofi, na hayo ndiyo yaliyoniuma, maana swali lilikuwa bado tumboni.

Mzee aliyekaa pembeni yangu akaniinamia. "Umesalimia vizuri, kijana. Umesahau viti tu."

Sikuthubutu kugeuka nyuma. Swali la pili likapita, la tatu, la nne. Nikainua tena mkono. "We umekwisha kuongea," mama akasema. Na hapo nikasikia nyuma sauti ninayoijua tangu kuzaliwa, bila mikro, bila salamu hata moja.

"Mi niko wa Gatumba. Maji iliingia mu nyumba yangu mara mbili, ikafika mu dirisha. Matofali iko tayari. Nijenge ao niache?"

Profesa akairudisha ramani ukutani. "Mama, kuja unionyeshe."

Yaya akashuka na kitenge chake katikati ya wasomi wote wa Bujumbura, akaweka kidole. Profesa alikitazama kidole kile muda mrefu.

"Hapo apana, mama. Mi singelalisha watoto wangu hapo." Akapandisha kidole chake mwenyewe kuelekea milimani. "Kuanzia hapa, kama unaweza."

"Huko kuko shamba ya shangazi yetu. Analima maharage."

"Basi mi nimemaliza," alisema profesa. "Inabaki shangazi."

Watu wakacheka, yaya pia, na nikaona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua ndoo.

Nje akaniambia, "Mudogo, kusoma umesoma. Kesho unabeba matofali."

Kesho yake nilitangulia na matofali sita kichwani, yenye uzito wa sitini. Shangazi alikuwa akipalilia. Nikavuta pumzi, nikaanza, "Shangazi yetu mpendwa, pamoja na majirani wote..."

"Shangazi," yaya akanikata, "maji inarudi kule. Tunaomba kona."

Shangazi akayatazama matofali, akanitazama mimi na shingo yangu. "Pale maharage haikuota," alisema, akionyesha kona kwa jembe. "Mutue."