Kuku Wakikokoreka

Kwetu Katoro kuku wakikokoreka, mtu anaacha alichoshika na kutoka nje kutazama. Kilio kile cha kukwaruza hakina mchezo: ama mwewe ameshuka, ama nyoka ameingia bandani. Kuku wakilialia tu, mama alituacha tuendelee kula. Wakikokoreka, ugali ulibaki mkekani tukatoka mbio.

Neno hilohilo wanaume wa kwetu wanawapachika wanawake, na hapo ndipo linaponichefua. Mwanamume akipaza sauti kikaoni, wanasema ana msimamo. Mwanamke akipaza sauti, anakokoreka. Sijawahi kusikia mwanamume akiambiwa hivyo, hata awe mlevi wa kutupwa.

Tulipomaliza matanga ya baba, ukoo ulikaa uani kwetu kuzungumzia shamba. Wachimbaji wa dhahabu walitaka kuchimba mashimo yao pale mama anapolima mahindi, na baba mdogo alikuwa ameshawaitikia bila kumuuliza mtu. Mama alisimama. Alisema shamba lile walilifyeka yeye na mumewe, ndilo linalotulisha, na likishatobolewa halitalimika tena. Sauti ilimpanda, ikakwaruza. Alikuwa amelia wiki nzima, walitaka iweje?

"Shemeji, punguza kukokoreka," baba mdogo akamwambia. "Wanaume tunaongea hapa."

Wakacheka. Tena walicheka kweli, na mmoja alipiga goti lake kwa kiganja. Mama akakaa. Mpaka leo nikikikumbuka kicheko kile damu inanichemka.

Kabla hakijaisha vizuri, kuku wakaanza nyuma ya nyumba. Ungewaona wale wazee walivyoinuka! Baba mdogo akadaka fimbo, akawa wa kwanza kuzunguka jiko, shati limemtoka kwenye suruali. Nyoka alikuwa mlangoni mwa banda. Wakampiga mpaka akafa, wakarudi wanajifuta jasho na kusifiana.

"Bora tumewasikia mapema," mmoja akasema, akivuta kiti chake.

Mama alikuwa bado amekaa palepale kwenye mkeka, mikono mapajani. Nilingoja mtu amuulize alikuwa anataka kumalizia kusema nini. Walimuuliza kama kuna maji ya kunawa.

Kikao kikaendelea. Siku ile hatukupoteza hata kifaranga. Shamba lilikwenda.