Utani Uliomweka Mihambo Ndani

Asubuhi ile ya Jumamosi tulikuwa tunachimba choo cha shule, kule Mzenga, na Mihambo alikuwa amechelewa. Kuchelewa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kulikuwa na adhabu kwa sheria ndogo ya kijiji, na mtendaji wetu, marehemu Kondo, hakuwa mtu wa kusamehe. Alikuwa Mzaramo mwenzangu, mfupi, mwenye shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Alipenda kusema kwamba sheria ni kama uzio wa shamba: unamkera mwenye shamba kabla haujamkera nguruwe.

Mihambo alitokea na ndoo ya asali begani. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mrina asali, mizinga yake ameitundika ndani kabisa ya msitu.

"Nyie Wazaramo," alisema badala ya salamu, "mpaka msomewe sheria ndiyo mchimbe choo? Kwetu mtu akibanwa anachimba mwenyewe."

"Kwenu mmezoea kazi za punda," nilimjibu. "Si mlikuja Pwani mmebeba mizigo ya watu vichwani?"

Nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, lakini kwa Mihambo sikuwa na cheo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hachagui neno wala mahali. Kwa miaka kumi na mmoja hatukuwahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja. Kondo naye alicheka, kisha akamwongezea Mihambo futi mbili za kuchimba.

Wiki chache baadaye habari zikaanza kutufikia kutoka vijiji vya mbali. Watu wenye bunduki, waliosemekana kujificha msituni, walikuwa wanawafuata viongozi majumbani. Hawakuiba kitu. Walimwita mtu kwa jina, wakamuua, wakaondoka. Hakuna aliyeiita vita, nasi hatukuwa na jina la kuipa, tulisema tu "yale mambo". Viongozi wengi wakang'oa vibao vya ofisi mbele ya nyumba zao. Mimi changu nilikificha kwenye gunia la makopa ya muhogo. Kondo aligoma kung'oa cha kwake. Mwananchi akija na shida, alisema, atajuaje mtendaji anakaa wapi? Nilimwona mjinga, ila sikumwambia.

Walikuja baada ya sala ya magharibi.

Nilisikia pikipiki mbili. Nikasikia mtu akipiga hodi, kwa adabu kabisa.

Halafu risasi tatu.

Mke wangu aliwasukuma watoto chini ya kitanda. Mimi nilikuwa kifudifudi jikoni, uso kwenye majivu. Kondo alikuwa anaita jina langu. Aliita mara mbili. Kati ya nyumba yake na yangu kulikuwa na mikorosho sita tu.

Sikutoka.

Tulimzika kesho yake alasiri. Walikuwepo watu wengi, na miongoni mwao wanaume watatu tusiowajua, wamevaa kiraia. Kila mtu alielewa kwamba ni askari na kila mtu alijifanya hajawaona.

Kwetu maziko bila mtani hayajakamilika. Kazi yake ni kuvuruga msiba kidogo ili waliofiwa wapate pumzi. Mihambo aliijua kazi hiyo. Kabla maiti haijashushwa, aliruka kaburini akajilaza chali.

"Kaburi lenyewe fupi kama akili zenu!" alipiga kelele kutoka chini. "Huyu Mzaramo wenu kamzikeni kwenye mikorosho. Hapa ni pangu."

Watu walicheka huku wanafuta machozi. Nami, na ile aibu ya jana bado ninayo, nilitaka kuchekesha kuliko wote.

"Mnamwona?" nilipaza sauti. "Kamuua mwenyewe kwa bunduki zake za huko msituni, sasa anataka na kaburi!"

Kicheko kiliongezeka. Mihambo aliniita mchawi, akatoka akijipangusa mchanga, akashika jembe tukafukia pamoja.

Asubuhi wale askari walimchukua. Walimkuta nyumbani anakunja kamba zake za kupandia miti, na pembeni kuna panga, mfuko wa unga na kibuyu cha maji, vitu vya mtu anayekwenda kulala msituni. Waliondoka naye kuelekea Kibaha. Nilipoambiwa, niliketi chini palepale, maana nilijua mara moja ni nani aliyemkamatisha.

Kwa siku nne sikufanya lolote. Nasema hivyo bila kujitetea, ingawa sababu nilikuwa nazo. Nikienda Kibaha, wale wa msituni watasema napeleka taarifa. Nikifika huko, askari watauliza kwa nini namtetea. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na mimi nilitia maji nikakaa kimya.

Siku ya tano Kalunde, mke wa Mihambo, alikuja kwangu na kiroba kidogo cha karanga. Hakulia wala hakunitukana.

"Shemeji, mimi sheria sizijui," alisema. "Ninyi ndio mnazisoma mikutanoni. Zinasema mtu afungwe kwa sababu watu wamecheka?"

"Hazisemi."

"Basi nenda kawaambie hivyohivyo."

Nilikwenda. Afande aliyenipokea alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, kwa lafudhi yake mgeni wa Pwani. Alifungua jalada akanisomea maneno yangu ya makaburini, yote, na chini yake cheo changu.

"Haya ni ya kwako?"

"Ni yangu, afande. Lakini ni utani. Yule ni mtani wangu."

"Mtendaji ameuawa. Mwenyekiti anasimama kaburini, anamtaja muuaji na silaha anaitaja. Wewe ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

Ningefanya kama yeye.

"Angesema mtu baki, tungeuliza kwanza," aliendelea. "Umesema wewe. Serikali ya pale ni wewe."

Neno hilo liliniuma kuliko kama angenizaba kofi. Nilikuwa nimedhani kwamba nikiking'oa kibao na cheo kimetoka.

Alinisogezea karatasi. "Andika maelezo. Ila nakwambia mapema: ukishaandika, leo hutoki. Lazima nikuchunguze na wewe, pengine umetumwa. Una haki ya kukaa kimya pia. Sheria inakuruhusu kuondoka sasa hivi."

Haki ya kukaa kimya nilishaitumia mara moja, nikiwa kwenye majivu. Nikaandika. Nilieleza utani ni nini, toka mwanzo, kwa mtu ambaye kwao haupo. Nikaweka sahihi.

Nilikaa ndani siku tatu. Hakuna aliyenipiga. Watu ishirini na kitu tulikuwa chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa na jirani nje ambaye angeweza kuja kumsemea. Kwa siku zile tatu sikuona jirani aliyekuja.

Mihambo walimwachia wiki ya tano. Msitu ulikuwa umefungwa kwa operesheni, mizinga yake imeungua yote. Nilikuwa shambani siku aliyorudi, na kabla sijajikaza kwenda kwake, alishapakia godoro na watoto akahamia Kibaha. Nilisikia amepata kazi ya ulinzi kiwandani, Zegereni.

Yale mambo yalikwisha taratibu, kama homa. Mpaka leo sijui nani alimuua Kondo. Mjane wake ananisalimia vizuri, na kila anaponisalimia najiuliza kama naye alimsikia mumewe akiniita.

Mihambo nilimwona mwezi uliopita, Maili Moja pale Kibaha, nje ya duka la vifaa vya umeme, amevaa sare ya ulinzi. Moyo uliruka kwa furaha. Nikapaza sauti: "Mnyamwezi! Ni mjinga gani kakupa geti lake ulinde?"

Watu waligeuka. Yeye aliangalia kwanza kulia na kushoto kuona nani amesikia. Kisha akanijia, akanipa mikono yote miwili.

"Habari za nyumbani, mheshimiwa?"

"Nitukane, bwana," nilimwambia. "Miaka yote hii. Nitukane hata kidogo."

"Maelezo yako walinisomea," alisema. "Ulifanya jambo la kiungwana. Kalunde anakuombea dua mpaka leo."

"Basi nitukane."

Alitabasamu, akatikisa kichwa. "Hapana, mheshimiwa. Siku hizi naangalia maneno yangu."

Basi la kiwanda lilipiga honi. Alinishukuru tena, akaniaga kwa cheo changu, akavuka barabara. Nilirudi Mzenga jioni ile nikiwa nimesamehewa, na sina mtani.